Nimekana Ungo wa Mama Mkwe Kiwanja cha Ndege

Dada Redempta mpendwa, shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi basi niwie radhi, naomba uniokoe kabla ya Jumamosi ya wiki ijayo kwa sababu siku hiyo tunakwenda Mpui kwa mama mkwe na mimi sina uso wa kwenda nao. Nakuandikia nikiwa nimejifungia stoo ya chanjo hapa ofisini, mimi ni afisa mifugo, na wenzangu wanadhani nahesabu chupa.

Kwanza ujue mimi si Mfipa, ni mtu wa Tukuyu, kazi ndiyo iliyonileta Sumbawanga mwaka wa kumi na mbili huu, nikampata mke wangu Kristiana hapa hapa, tuna nyumba Chanji na binti yetu Happy, na mama yake Kristiana anayekaa Mpui ndiye mama niliyebaki naye tangu wangu afariki, yaani hata nikienda bila mke wangu nachinjiwa kuku, na akiongea na majirani husema "mwanangu wa mifugo", hasemi mkwe. Naomba hilo uliweke kichwani maana huko mbele utanichukia.

Mwezi wa saba nilichaguliwa kwenda mafunzo ya siku nne Dar es Salaam, na barua ikasema tutapanda ndege kutokea Mbeya. Dada yangu, nina miaka arobaini na mmoja na ndege nilikuwa naiona ikipita juu tu, lakini barua ilipofika saa nne asubuhi, saa sita mchana nilikuwa tayari mtaalamu, nimeshaangalia kwenye simu video za Wazungu wanaoviringisha fulana mpaka zinakuwa kama chapati, nimeshajua kwamba mzigo wa mkononi ni kilo saba na kwamba nguo uliyoivaa mwilini haipimwi, na nikaanza kuwafundisha hayo watu ambao hawana safari yoyote, hata mzee mmoja aliyekuja kuomba dawa ya kupe nilimweleza namna ya kukunja koti.

Nyumbani hatuna mizani, kwa hiyo begi nililipeleka dukani kwa Modesti, pale mtaani kwetu, akaliweka kwenye mizani ya maharage na kutangaza duka zima, "Kilo nane na nusu! Afisa, toa kitu!" nikawa nafungua begi mbele ya wateja nikitoa taulo, nikitoa pasi (nilibeba pasi, usiniulize kwa nini), na mama mmoja aliyefuata chumvi akanishauri nitoe na viatu kwa sababu Dar watu wanavaa ndala. Nilirudi pale mara tatu wiki ile. Mara ya tatu ikasoma saba kamili, wateja wakanipigia makofi, na mimi, Mungu anisamehe, niliinama kidogo kuwashukuru kama mtu aliyeshinda udiwani.

Sasa zikiwa zimebaki siku mbili nisafiri, mama akaja kutoka Mpui na ungo. Kwa mama yetu huyu utaratibu ni mmoja, kila binti yake akihamia kwake anamsukia ungo kwa mkono wake mwenyewe, Kristiana anao wake, unaning'inia jikoni kwetu na hakuna anayethubutu kuupangia matumizi mengine, na aliyebaki alikuwa Hilaria, kitinda mimba, aliyeolewa mwaka jana akahamia Dar na mumewe. Wa Hilaria ulichelewa kwa sababu mama ana mtoto wa jicho, macho yote mawili, la kulia linaona mwanga tu, na ungo huo aliusuka miezi mitatu, sehemu kubwa kwa kupapasa. Alikuwa ameufunga kwa kitenge cha njano. Akaniwekea mapajani akasema, "Baba Happy, huu ndio wa mwisho. Nikiutuma kwa basi watauwekea magunia juu. Wewe utaushika mwenyewe mpaka ufike."

Nami nikamjibu kitaalamu kabisa, "Mama, hilo lisikusumbue, huo unaitwa mzigo wa mkononi, ni haki ya abiria."

Ungo hauna uzito, Dada Redempta, una upana. Pale kiwanjani nilisimama kwenye foleni nikiwa nimevaa suruali mbili, shati, sweta na jaketi la baridi ya huku kwetu, begi la kilo saba begani, na ungo nimeukumbatia kifuani na kitenge kimeteleza upande mmoja kiasi kwamba kila mtu anaona ni nini. Na wewe unaujua utani ambao nchi nzima inawatania nao watu wa Sumbawanga, kwamba wao hawahitaji nauli, wanakaa kwenye ungo na kupaa. Mimi naujua, miaka kumi na mbili nimekuwa nikiutumia hata kwa shemeji zangu, lakini siku ile akili yangu yote ilikuwa kwenye kilo.

Kijana mmoja wa mbele yangu mwenye miwani myeusi akageuka. "Kaka, mambo? Umetokea wapi na hiyo?"

"Sumbawanga," nikajibu.

Foleni nzima ikapasuka kwa kicheko. "Sasa kaka, ndege ya nini na usafiri unao mkononi?" Mwingine akasema, "Mwacheni, utakuwa umeharibika, anaupeleka gereji." Dada mmoja akauliza kama rubani ameshaambiwa kwamba kuna mwenzake humu ndani. Simu zikatoka, wakaanza kunipiga picha, na mimi jasho likaanza kunitiririka ndani ya suruali zote mbili.

Nikasema kwa sauti, "Jamani, mimi si mtu wa Sumbawanga. Mimi ni wa Tukuyu."

"Na huo ungo?"

"Si wangu. Kuna mama mmoja hapo nje ameniomba nimshikie."

"Unamjua?"

"Simjui."

Nilidhani yameishia hapo, kumbe binti wa ukaguzi alikuwa anasikia. Akaja kwa adabu kabisa, akaniambia, "Samahani baba, mzigo uliopewa na mtu usiyemjua hauruhusiwi kuingia. Naomba nikuulize tena, huu ni wako au si wako?" Dada yangu, mlango alikuwa amenifungulia wazi, neno moja tu lilitosha, lakini nilimtazama yule kijana wa miwani, akawa bado anatabasamu, nikasema si wangu. Binti akaupokea kwa mikono miwili, akauweka juu ya meza karibu na mlango.

Tukiwa tumekaa kusubiri, wakatangaza kwenye spika, "Mwenye ungo uliofungwa kwa kitenge cha njano anaombwa afike sehemu ya ukaguzi." Wakatangaza mara tatu, na kila mara ukumbi ulicheka, na mimi nikacheka. Nilicheka kuliko wote. Nikiwa nimelala, nikiwa nachanja ng'ombe, nikiwa kanisani, kicheko hicho nakisikia, na ni changu.

Ndani ya ndege mhudumu akafungua kabati la juu ya viti, lilikuwa nusu tupu, na abiria mmoja akapandisha humo boksi la maparachichi na mto wa kulalia, wala hakuna aliyemuuliza kwao ni wapi.

Hilaria nilimwambia watu wa ndege wameupoteza. Kristiana nikamwambia hivyo hivyo. Mama nilimpigia simu nikiwa nimejiandaa kwa lawama, na yeye akasema, "Pole mwanangu. Mradi wewe umefika mzima. Mianzi iko mingi." Halafu akaniuliza kama nimeshakula.

Sasa amekata mianzi mingine, anasuka upya. Siku yake ya upasuaji wa macho ilikuwa Jumanne, siku ya tatu baada ya hiyo Jumamosi tunayokwenda, na ametuma neno kwamba anataka isogezwe mbele mpaka amalize ungo wa Hilaria, kwa sababu ameambiwa akishapasuliwa hatakiwi kuinama wala kufanya kazi kwa muda, na hataki binti yake azidi kusubiri. Juzi amejikata kidole akipasua mianzi. Kristiana amerudi kutoka Mpui analia, halafu alipomaliza kulia akachukua karatasi, akaandika barua ya malalamiko kurasa mbili kwa watu wa ndege, anataka mfanyakazi aliyepoteza ungo wa mama yake achukuliwe hatua, na anataka niisaini mimi maana ndiye niliyesafiri. Iko mezani sebuleni tangu juzi, na kalamu juu yake.

Nilijaribu njia nyingine. Nilinunua ungo sokoni niseme umepatikana, nikaupeleka jikoni niulinganishe na wa Kristiana, na Happy, ana miaka tisa tu, akapita akasema, "Baba, huu si wa bibi." Nimeuficha huku stoo, uko hapa nyuma yangu.

Nisaidie, Dada Redempta. Nikisema ukweli, yule mama hataniita tena mwanangu, na sijui nitakaaje Sumbawanga bila yeye. Nikinyamaza anamaliza macho yake kwa ajili ya uongo wangu. Je, kuna namna ya kumfanya aache kusuka bila mimi kusema nilichosema? Jina langu naomba ulifiche, ingawa nikisoma nilichoandika naona nimetaja ya wengine wote.

Mimi, Baba Happy, Chanji.

*

Baba Happy,

Majina nimeyabadilisha yote, hata la mwenye duka. Lakini kisa cha afisa wa serikali aliyepigiwa makofi kwenye mizani ya maharage sijui nitakibadilishaje, na gazeti hili linafika Sumbawanga Alhamisi mchana. Ndiyo maana jibu hili nakutumia kwenye simu leo Jumatatu, kabla halijachapwa. Nimekupa siku tatu ambazo hukuzistahili. Kristiana asije akayasoma haya akiwa amesimama dukani kabla hajayasikia kwako.

Nikiri kwamba nilicheka. Nilicheka kwenye pasi, nikacheka kwenye gereji, na kwenye suruali mbili ilibidi niweke barua mezani. Halafu nikafika pale mama aliposema "Pole mwanangu" na kukuuliza kama umekula, na sikucheka tena.

Unaniuliza kama kuna namna ya kumzuia asisuke bila wewe kusema. Hakuna. Na hata kama ingekuwapo nisingekupa. Mtu mzima, afisa, baba wa mtoto, unajificha nyuma ya chupa za chanjo pamoja na ungo wa kununua, unatafuta njia ya kupita pembeni ya mama asiyeona vizuri. Ona aibu kidogo, halafu simama, maana aibu peke yake haitamsaidia mtu.

Wale abiria usiwasingizie. Ulikuwa utani, tena utani mzuri. Ungemjibu yule kijana kwamba huo ni wa akiba ndege ikiishiwa mafuta, angecheka, mngekaa viti vya jirani, na pengine angekushikia huo ungo wakati unavua jaketi. Utani tunaujibu kwa utani. Wewe uliujibu kwa kumkana mama yako. Na nikwambie jambo ambalo wasomaji wangu hawalijui: mimi nimezaliwa Ufipa. Nina miaka ishirini na sita Dar es Salaam, na nikiulizwa kwetu ni wapi nasema "Nyanda za Juu Kusini", kama mtabiri wa hali ya hewa. Kwa hiyo nakugombeza nikijua vizuri inavyokuwa mtu anapouliza umetokea wapi. Mimi ni wa huko kwa damu na bado najificha. Wewe ulipokelewa tu, ukachinjiwa kuku, na kwa hiyo deni lako la kusema "ndiyo, huko ndiko kwetu" ni kubwa kuliko langu.

Sasa sikiliza. Leo ukitoka kazini, kaa na Kristiana sebuleni, mbele ya ile barua, umwambie yote mpaka kwenye kicheko. Usiache kicheko. Najua ndicho utakachotaka kukiruka, na ukikiruka utakuwa umeungama ungo tu. Barua hiyo ichanwe mbele yake. Yule binti wa ukaguzi alifanya kazi yake kwa heshima na alikupa nafasi ya kusema kweli, na wewe ulikuwa karibu kusaini karatasi ya kumfukuzisha kazi. Hilo ndilo lililonitia hasira kuliko yote katika barua yako.

Kristiana atakasirika. Mwache akasirike kwa kadiri yake, usimbembeleze aharakishe, na usimwombe akusindikize.

Kesho omba ruhusa, uende Mpui peke yako. Usisubiri Jumamosi ya watu wote. Kila siku unayojipa, yule mama anakaa chini na kisu na mianzi na macho yale. Usibebe sukari wala kitenge kipya cha kutanguliza. Nenda mikono mitupu, umwamkie, ukae karibu asikie sauti yako vizuri, useme: mama, ungo haukupotea, waliniuliza ni wa nani nikasema ni wa mtu nisiyemjua. Usiongeze kwamba walikucheka. Ataelewa mwenyewe, watu wa Sumbawanga hawahitaji kuelezwa utani huo.

Atakavyokujibu sijui. Unaogopa hatakuita tena mwanangu, na inawezekana. Watu wana haki ya kuumia, na yeye miezi mitatu ya vidole vyake uliiacha kwenye meza ya watu. Akikaa kimya, kaa nawe kimya. Akikuambia uondoke, ondoka, urudi siku inayofuata. Lakini kama ndiye huyo uliyeniandikia, huenda akakusamehe kabla hujamaliza sentensi, na hapo itakuuma zaidi kuliko angekufukuza. Vumilia. Usilie sana mpaka yeye ndiye aanze kukubembeleza wewe.

Ukishasema, na si kabla, piga simu kiwanjani Mbeya uulize kama vitu vilivyoachwa sehemu ya ukaguzi bado vimehifadhiwa. Nasema si kabla kwa sababu nakujua sasa. Ukiupata kwanza, hutasema tena. Utarudi nao unatabasamu, utapongezwa, na Modesti atakupima upya. Ungo ukiwapo, mshukuru binti yule kwa jina lake, uupeleke Dar kwa Hilaria na umweleze naye kwa nini umechelewa. Ungo usipokuwapo, Hilaria atasubiri. Ana mama anayemsukia ungo bila kuona, hawezi kukosa subira ya miezi michache akijua ni kwa ajili ya macho hayo. Mpigie mama, Hilaria naye akiwa kwenye simu hiyo hiyo, Hilaria mwenyewe amwambie aweke mianzi chini. Kwako wewe anaweza kubisha, kwa kitinda mimba wake hatabisha.

Na wakati huo huo, kabla nafasi haijapewa mtu mwingine, nenda hospitali ukahakikishe ile Jumanne bado ni yake. Mpeleke wewe. Mshike mkono kwenye ngazi, mjazie fomu, na wakikuuliza una uhusiano gani na mgonjwa, jibu bila kugeuka kuangalia nani anasikia. Ule ungo wa sokoni wape wapishi wa ofisini kwenu.

Wanaofanyiwa upasuaji huu hufunguliwa bandeji mapema, mara nyingi kesho yake asubuhi. Uwe umekaa mbele yake. Miaka mingapi hajauona uso wako vizuri, Baba Happy? Asubuhi hiyo atautazama, na itakuwa vyema awe ameshaambiwa yote yaliyomo.

Dada Redempta